Peremende ya kuvutwa kwa mkono yaweza kutoka jikoni Itumbe

Neno peremende twalitumia kila siku bila ya kulichungulia ndani. Mtoto wa Kenya akipewa shilingi tano akakimbia dukani, hurudi na peremende. Wenziwe wa mjini huenda wakaiita switi, na binamu zake wa Tanzania wakaiita pipi, lakini mkononi mwake kitu ni kile kile: sukari iliyopikwa ikaganda. Jina lenyewe, hata hivyo, halikutoka kwenye sukari. Lilitoka kwenye jani. Waingereza wana mmea wa jamii ya nanaa wauitao peppermint, na Mswahili alipolisikia jina hilo alilizungusha kinywani mwake likatoka peremende. Tangu hapo jina limetanua mabawa. Iliyotiwa ladha ya chungwa ni peremende, ya embe ni peremende, ya maziwa ni peremende, na nyingi kati ya hizo hazijapata hata kuonana na jani la nanaa tangu zitoke kiwandani.

Leo twataka kuirudia peremende inayostahiki jina lake: sukari nyeupe, mafuta ya nanaa, na mikono miwili ya kuivuta mpaka ing'are kama hariri. Na tutaipikia Itumbe, katika vilima vya Gusii. Msomaji asishangae kwa nini hatukwenda Mombasa au Zanzibar, kunakojulikana kwa vitamutamu tangu zamani. Akituvumilia kidogo ataona kwamba mahali pale pana karibu kila kitu kitakiwacho na kazi hii.

Hatudai kwamba kuvuta sukari ni mila ya Wagusii. Utamu wa asili wa huku ni asali na muwa wenyewe, uliomenywa kwa meno na kutafunwa njiani mtu akitoka shuleni au sokoni. Sukari ya kuvuta katika Afrika Mashariki ina kwao, nako ni pwani. Huko kuna gubiti, peremende iliyovutwa kwa mkono, ambayo watu wengi wa Mombasa na Lamu waliila utotoni. Gubiti hukaa na wenzake: kashata za nazi, halua, mabuyu yaliyopakwa sukari na rangi nyekundu. Lakini kati ya hao wote gubiti ndiye mwenye kazi ngumu kuliko, kwa kuwa kashata humwagwa sinia­ni ikakatwa, na gubiti haiwi gubiti mpaka mtu aishike ingali moto.

Ufundi huo ni wa kale mno. Vitabu vya mapishi vya Waarabu vya zama za Baghdad vinaitaja sukari ya kuvuta, iliyoitwa fanidh, na waganga wa wakati ule waliitumia kwa kikohozi na koo lililokauka. Kwa hiyo peremende ilikuwa dawa kabla ya kuwa anasa, jambo ambalo mama mwenye mtoto mwenye mafua halimshangazi hata kidogo.

Na kuna kisa kimoja cha mbali ambacho hatuna budi kukisimulia. Katika mji mdogo wa Gränna, nchini Uswidi, aliishi mwanamke aitwaye Amalia Eriksson. Alizaliwa mwaka 1824. Aliolewa na fundi wa kushona nguo, na mwaka 1858 mumewe akafariki, akamwachia mtoto mchanga wa kike. Mjane yule hakuwa na shamba wala duka. Mwaka 1859 aliwaendea wakuu wa mji kuomba ruhusa ya kuoka na kuuza, maana siku zile mwanamke hakufanya biashara kwa kupenda kwake, na ruhusa ilipotoka akaanza kuvuta peremende: vijiti vyeupe vyenye mistari myekundu iliyojipinda, vyenye ladha ya nanaa. Alimsomesha na kumlea bintiye kwa vijiti hivyo, na alipofariki mwaka 1923 alikuwa na umri wa miaka 99. Leo Gränna ni mji unaojulikana kwa peremende kuliko kwa kitu kingine chochote. Wageni husimama nyuma ya kioo wakiwatazama mafundi wakivuta, kisha hununua.

Twakitaja kisa hiki kwa sababu Amalia hakuwa na mtambo wowote. Alikuwa na moto, sufuria, sukari na mikono.

Itumbe ina nini?

Msafiri afikapo Itumbe jambo la kwanza kumpokea ni chai. Vilima vyote ni kijani cha chai, na kiwanda cha chai cha Itumbe kimelipeleka jina la mahali hapa mbali kuliko walivyofika wengi wa wenyeji wake. Chai hupenda ubaridi na mvua. Ukiteremka upande wa kusini, kuelekea Etago na Nyamarambe, hewa yaanza kupata joto na miwa hujitokeza. Huko kuna vinu vya sukari guru. Miwa husagwa, maji yake hutiwa katika makarai makubwa yaliyo wazi, na moto huchochewa kwa makapi yale yale ya miwa yaliyokaushwa juani. Mpishi hukoroga na kuengua povu saa baada ya saa mpaka uji uwe mzito, kisha humimina katika vifinyango. Jina guru ni la Kihindi, na Wahindi waliolima miwa upande wa Kibos na Miwani, karibu na Kisumu, ndio walioieneza kazi hiyo katika Nyanza.

Guru huliwa, hutiwa chai, hutiwa uji. Lakini tuseme lililo kweli: sehemu yake hununuliwa na wapikaji wa pombe, ikaozeshwa katika mapipa na kutoka ikiwa chang'aa. Sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu chang'aa kwa masharti, lakini inayopikwa vichakani haina masharti yoyote, na mama wengi wa Gusii wanajua gharama yake bila ya kuhesabiwa na gazeti. Mkulima hawezi kulaumiwa kwa kumwuzia anayelipa. Hata hivyo si vibaya kuuliza kama utamu huu hauna njia nyingine ya kufuata ukitoka kwenye karai.

Kitu cha tatu ni jiwe. Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, si mbali na vinu hivyo. Dunia nzima yaijua Tabaka kwa vinyago: wanaume huchonga, na wanawake hukaa na ndoo za maji na msasa wakilainisha mpaka jiwe liteleze kama ngozi ya mtoto. Mnunuzi wa vinyago huenda asijue kwamba jiwe la sabuni lina tabia moja ipendwayo na wapika peremende kote ulimwenguni. Halipasuki likimwagiwa kitu cha moto, nalo hunywa joto polepole na kwa usawa. Matajiri wa nchi za ng'ambo hununua meza za marumaru kwa kazi hiyo hiyo. Mtu wa Itumbe aweza kumwagiza mchongaji wa Tabaka kipande cha upana wa sinia, unene wa vidole viwili, kilicholainishwa upande mmoja. Kioshwe vizuri sana kabla ya kutumiwa, ili vumbi la msasa litoke lote.

Jani lenyewe

Nanaa ya pwani, ile itiwayo chai na kachumbari, ni ndugu wa peremende lakini si yeye. Nanaa ile ni tamu na laini. Peremende ni mtoto wa nanaa mbili, ile ya bustanini na ile ya kandokando ya maji, nayo ina mafuta makali yanayoleta ule ubaridi wa ulimi na pua. Mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, aliusajili mmea huu kwa jina la kitaalamu mwaka 1753, na wakulima wa Mitcham, karibu na London, walijitajirisha nao. Kwa vile ni chotara, kwa kawaida hautoi mbegu za kuotesha. Hupandwa kwa kipande cha shina chenye mizizi, basi aghalabu husafiri kutoka mkono wa jirani mmoja hadi wa jirani mwingine. Mahali penye maji, kivuli kidogo na udongo mweusi, mathalani pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa nyuma ya jiko, hushika bila ya kubembelezwa. Afadhali upandwe ndani ya debe, maana ukiachiwa shamba hutambaa na kuwa kwekwe.

Hata hivyo jani bichi halitoshi kwa peremende. Ukilichemsha pamoja na sukari, harufu yote itaondoka na mvuke kabla kazi haijafika nusu, na majirani ndio watakaofaidi. Jani ni la chai. Kwa peremende yahitajika mafuta ya peremende yaliyoandikwa wazi kwamba ni ya kutia katika chakula. Yale ya kuchua kifua au misuli yasitumiwe hata yakinukia namna gani. Matone 10 hadi 15 yatosha nusu kilo ya sukari. Chupa ifungwe vizuri na iwekwe mbali na watoto wachanga, kwa kuwa ukali wake ukiwafika puani waweza kuwazuilia pumzi.

Sukari jikoni

Twaa sukari nyeupe nusu kilo, maji glasi moja ndogo, na kijiko kimoja cha chai cha siki au maji ya limau yaliyochujwa. Sufuria iwe nzito na yenye kina, kwa sababu sukari ichemkapo huinuka.

Siki ina kazi yake, wala haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Sukari kwa asili yake hutaka kurudi kuwa chembechembe, kama watu wa ukoo mmoja wanaotafutana sokoni. Uchachu wa siki huivunja sehemu ya sukari ikawa sukari za aina nyingine mbili, ambazo hujiingiza katikati na kuwazuia wale wenye ukoo wasikutane. Bila ya siki utaamka na sufuria ya mchanga mtamu. Siki ikizidi, nayo, peremende haitakauka kamwe, itakushika meno mpaka jioni.

Koroga sukari na maji juu ya moto mdogo mpaka sukari yote iyeyuke, na chembe zilizoshika ukingoni uzifute kwa kitambaa safi kilicholoweshwa. Ikianza kuchemka, weka mwiko chini. Kuanzia hapo usiikoroge tena. Mpishi aliyezoea ugali huona vigumu kusimama mbele ya chungu na mikono mitupu, lakini mwiko sasa ni adui, maana kila unapozunguka huziamsha zile chembe.

Vitabu vya ng'ambo husema ipikwe hadi nyuzi 150 za joto. Hapa ndipo mtu wa Itumbe anapotakiwa kuwa mwangalifu kuliko mwandishi wa kitabu. Kisii mjini ni kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya huko huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Maji yakichemka chini, na sukari nayo hufikia kila hatua yake chini. Ile sukari ambayo mpika gubiti wa Lamu huiondoa motoni kwenye nyuzi 150, Kisii huwa tayari kwenye 144 hivi. Mpishi wa vilimani akisubiri 150 ataipata imeanza kugeuka manjano na kuwa chungu kidogo. Kanuni yenyewe ni kupunguza nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko.

Asiye na kipimajoto asihuzunike. Wapishi wa zamani hawakuwa nacho, nao walitumia bakuli la maji baridi, kipimo kisichodanganywa na kilima chochote. Dondosha tone moja la sukari ndani ya maji. Mwanzoni litatawanyika. Baadaye litakusanyika chini na kufinyika kwa vidole kama unga uliokandwa. Kisha litakuwa gumu lakini likipindwa linapinda. Mwishowe litalia ta! likigusa maji, na ukilitoa litavunjika kama kioo bila ya kupinda. Hapo ondoa sufuria mara moja. Kutoka hatua ya kupinda hadi ya kuvunjika ni dakika chache, na kutoka kuvunjika hadi kuungua ni chache zaidi, basi asiwepo mtu wa kukuita mlangoni.

Jambo jingine tulitie maanani kabla ya kumimina. Maji ya moto humwunguza mtu yakatiririka. Sukari ya moto humshika ngozi ikakaa hapo hapo ikiendelea kuunguza. Watoto wasiwemo jikoni wakati wa kupika na kumimina, hata wakililia mlango. Beseni la maji baridi liwe karibu. Ikimgusa mtu, aingize mkono majini papo hapo, kisha aumwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kidonda kikiwa kikubwa apelekwe hospitali. Dawa ya meno, unga na mafuta tuwaachie wenye kuviuza, maana havitibu jeraha la moto, huliharibu zaidi.

Kuvuta

Jiwe la Tabaka liwe limepakwa mafuta ya kula, membamba. Mimina sukari katikati. Itatambaa kama asali, ing'avu, na ukingo wake utaanza kuganda kwanza. Kwa kisu kipana kilichopakwa mafuta kunja ukingo kuelekea katikati, tena na tena, ili bonge lote lipoe kwa usawa. Sasa ndipo mafuta ya peremende yanapodondoshwa, joto kali likiwa limeshuka, na kukunjwa ndani. Uso usiwe juu yake: mvuke wake huliza macho kuliko kitunguu. Ukitaka mistari, kata kipande kimoja cha tano, kitie rangi nyekundu ya chakula, na ukiweke mahali penye joto kingojee.

Bonge likiwa bado la moto lakini lashikika, mikono huvishwa glavu za pamba na juu yake glavu safi za mpira za jikoni, zikapakwa mafuta. Vuta hadi urefu wa mkono, kunja katikati, vuta tena. Kazi hii ni tamu wakiwa wawili, mama na bintiye, au mawifi wawili walioelewana siku hiyo. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ile. Hurudi nyuma hatua moja, hukutana, hubadilishana. Asiyewahi kuiona hudhani wanacheza.

Na wakati wakivuta, sukari hubadilika machoni mwao. Ilikuwa kama kioo. Yaanza kuwa na ukungu, halafu rangi ya fedha, halafu nyeupe yenye mng'ao kama wa uzi wa hariri. Hakuna maziwa yaliyotiwa wala unga. Ni hewa tu. Kila mkunjo hunasa hewa kidogo, na kila mvuto huinyoosha ikawa mirija myembamba isiyoonekana. Tufanye hesabu, maana hesabu yake yafurahisha: ukikunja mara moja una nyuzi mbili, mara mbili una nne, mara 10 una 1,024. Ukifika mara 20 bonge lako lina nyuzi zaidi ya milioni moja, na bado halijajaza mikono. Nuru ikipiga juu ya nyuzi hizo hutawanyika, na jicho likaona weupe. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoifanya peremende ya kuvuta ivunjike kwa upole kati ya meno, tofauti na ile ya kiwandani iliyomiminwa tu, ambayo ni jiwe mpaka mwisho.

Dakika nane hadi kumi zatosha. Ikianza kukataa kuvutika, isilazimishwe. Utepe mwekundu hulazwa juu ya bonge jeupe, vyote vikaviringishwa na kunyooshwa kuwa kamba ya unene wa kidole, na kamba ikapindwa ili mistari izunguke. Kata kwa mkasi uliopakwa mafuta, upesi, kwa sababu kamba ikipoa haikati tena, hupasuka.

Je, guru yaweza kuvutwa?

Swali hili lazima liulizwe na mtu yeyote wa upande wa Nyamarambe, na jibu ni kwamba yaweza. Huko India kaskazini wapishi wa gajak na rewri huipika guru, huitundika juu ya msumari mkubwa ulioko ukutani, na kuivuta na kuikunja mpaka rangi yake ya udongo igeuke dhahabu, kisha huichanganya na ufuta. Haiwi nyeupe kamwe, wala haina haja ya kuwa.

Lakini guru ina tabia zake. Ndani yake mna madini na mabaki ya miwa ambayo huungua mapema kuliko sukari safi, basi moto uwe mdogo na jicho lisihame. Iyeyushwe kwanza kwa maji na kuchujwa kwa kitambaa, maana guru ya kinuni haikosi unyuzi wa makapi au chembe ya jivu. Anayeanza afadhali achanganye nusu guru na nusu sukari nyeupe. Na kuhusu ladha, maoni yetu ni kwamba guru na nanaa hazipatani sana: moja ina sauti nene na nyingine ina sauti nyembamba, zikisemeshana hazisikilizani. Guru hupenda tangawizi. Kipande cha tangawizi kilichokaushwa na kusagwa, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, kikikunjwa ndani wakati wa kuvuta, hutoa peremende ya rangi ya shaba ambayo hakuna kiwanda cha Nairobi kinachoiuza. Ufuta au njugu zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa zaweza kufuata.

Fedha

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba atatajirika. Mwaka 2023 kilo ya sukari nchini Kenya ilipita shilingi 200 katika maduka mengi. Tuchukue bei hiyo kuwa mfano. Nusu kilo ni shilingi 100. Itatoa vijiti kama 30 vya gramu 15 kila kimoja, baada ya kuhesabu kilichoshika sufuriani na kilicholiwa na wapishi. Vikiuzwa shilingi kumi kumi ni 300, ndani yake mna sukari, kuni au makaa, mafuta, karatasi ya kufungia, na saa moja na nusu ya watu wawili. Kinachobaki ni kidogo, ingawa kipo. Anayetaka kushindana na peremende ya kiwandani kwenye lango la shule atashindwa, maana kiwanda huuza kwa bei ambayo mkono hauwezi kuifikia.

Soko la peremende ya mkono ni jingine: harusi, Krismasi, mgeni anayerudi Nairobi akitaka kubeba kitu cha nyumbani, na hasa yule mtalii aliyesimama Tabaka na bakuli la jiwe la sabuni mkononi akijiuliza atatia nini ndani. Bakuli lililojaa peremende za guru na tangawizi, zilizovutwa juu ya jiwe lililotoka shimo moja na bakuli lenyewe, lina bei tofauti na bakuli tupu. Anayeuza kwa kufungasha ajue kwamba atatakiwa kuwa na cheti cha afya na alama ya ubora ya KEBS, nayo ni gharama. Kikundi cha akina mama kumi huibeba kwa urahisi kuliko mmoja.

Na meno? Sukari iliyovutwa kwa upendo huyaoza meno sawasawa na iliyovutwa kwa mtambo. Kijiti kimoja baada ya chakula, kisha mswaki. Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe kabisa, kwa sababu kipande kigumu chaweza kuwakaba.

Adui mkubwa wa peremende hii Itumbe ni mvua. Sukari iliyopikwa hivi hunyonya unyevu wa hewani, na Gusii ni nchi ya mvua za alasiri, asubuhi kweupe na saa tisa radi. Kazi basi ifanywe mapema, umande ukishakauka na mawingu bado yako mbali, na miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye rehema zaidi. Vijiti vipoe kabisa, vifungwe kimoja kimoja kwa karatasi ya nta, kisha vitiwe katika kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Vikikaa hivyo hudumu kwa wiki kadhaa. Vikiachwa wazi mezani hadi kesho yake, mwenyewe atavikuta vimeshikana mikono.

Sufuria usiikwangue. Ijaze maji, irudishe motoni, na kila kilichoganda kitayeyuka chenyewe. Maji hayo yana utamu, na kama ni ya guru yana tangawizi kidogo, basi wengine huyatilia majani ya chai papo hapo na kumwita jirani.